Mama aliponiita nimsaidie kunusa

Jana mwanangu kaniuliza mbona kila nguo lazima niinuse kabla sijaivaa, hata ile iliyotoka kufuliwa sasa hivi. Nikamwambia ni mazoea tu, akaridhika akaenda zake, ila mi nikabaki nimesimama na shati mkononi nawaza ule moto wa nyumbani kwetu nilipokuwa mtoto.

Moto wenyewe siusimulii sana, ulianzia jikoni, shoti ya umeme, ukazimwa kabla haujafika sebuleni na sote tukatoka salama. Watu wakawa wanasema afadhali kimeungua chumba kimoja tu. Mama naye alikuwa anasema hivyo hivyo mpaka fundi alipotupitisha ndani, umeme ushazimwa kwenye swichi kubwa, tunamulika na tochi chumba kwa chumba. Yaani moshi ulikuwa umefika kote ambako moto haukugusa. Umepita kwenye matundu ya soketi, umepita juu ya dari, umeingia hadi kwenye droo zilizofungwa. Kwenye kona zinaning'inia nyuzi nyeusi, ukadhani utando wa buibui, kumbe ni masizi yenyewe yameshikana. Na kwenye silingi bodi kila msumari umejichora kidoti cheusi, fundi akasema moshi wa moto ukikuta penye ubaridi ndo unaacha masizi yake hapo, na kichwa cha msumari ni cha baridi kuliko bodi.

Jirani mmoja mwenye roho nzuri sana akaja na ndoo na matambara aanze ukuta. Fundi akamzuia, "Hapana dada, maji bado." Masizi ya plastiki iliyoungua yana mafuta, ukiyapitisha tambara bichi unayasukumia ndani ya rangi na kuyatoa tena ni kazi. Basi tukaanza na sponji kavu, kutoka dari kushuka chini, ukijaa upande mmoja unageuza. Vitasa, bawaba na mabomba vikafutwa siku hiyo hiyo maana masizi yana asidi, yanakula chuma. Silingi ya jikoni ikang'olewa, waya zikavutwa upya, magodoro yakatupwa pamoja na dawa zote za kumeza zilizopata joto, na rangi ilikuja mwisho kabisa baada ya praima ya kuzuia madoa, ambayo watu wengi wanairuka halafu wanashangaa unjano na harufu vinarudi ukutani.

Lakini kilichonikaa mimi ni mama na kabati la nguo.

Mlango wa chumba chetu ulikuwa umefungwa wakati wa moto kwa hiyo tulikuwa na matumaini. Mama akafungua kabati, nguo zimekunjwa vizuri kama alivyoziacha, akatoa shati langu jeupe la shule akalikunjua taratibu. Ndani jeupe kabisa, ila kila palipokuwa na mkunjo wa nje pana mstari wa kijivu. Akaliangalia weee. Akalikung'uta dirishani, akalinusa, akaliweka kulia. Kulia za kufua, kushoto za kutupa. Akaendelea hivyo, hasemi kitu, mpaka nikaona anainua blauzi ile ile mara ya pili, ananusa, anaishusha, anainua tena. Akanigeukia. "Mwanangu, hebu njoo uninusie. Mi sisikii tena."

Pua ikikaa kwenye harufu muda mrefu inaizoea, inaacha kukuambia. Yangu ilikuwa imetoka nje kwenye hewa safi. Basi nikawa nanusa mimi, hii inafaa, hii haifai, na mama anaweka nilipomwambia, habishi, na mi nilikuwa mtoto bado, sikuwahi kumuona mama ananisikiliza vile na niliogopa.

Likafika koti la babu, lile zito la sufu. Alikuwa ametutoka mwaka uliotangulia. Mama akalishika kwa mikono miwili akaniletea usoni. Lilinuka moshi, tena sana. Ila kwa chini, pale kwenye kola, nikamsikia babu. Mama akauliza, "Vipi?" Nikasema, "Libaki."

Hakuniuliza linanuka au halinuki. Liliwekwa kulia, likafuliwa kwa siki na sabuni, likaanikwa kwenye upepo, na bado kila hewa ikiwa na unyevu moshi unarudi na nguo za jirani yake zinaushika. Dada yangu mpaka leo anasema lilipaswa kutupwa siku ile ile, kwamba masizi si kitu cha kuvuta kifuani kwa sababu ya kumbukumbu, na kuhusu masizi sina cha kumpinga. Harufu ya babu nayo iliisha zamani, hata sijui lini. Mama koti bado analo.