Masega ya gari lako unauza wewe, moshi tunavuta wote

Kuna biashara ya masega, yaani kile kisafisha moshi cha kwenye ekzosi, inaendelea kwenye gereji zetu hapa Dar na watu wanaichukulia poa tu. Unapeleka gari, IST au Vitz au hata Harrier, unalalamika limekuwa zito kuvuta, fundi anaingia uvunguni anatoka na jibu moja, masega yameziba bosi, tuyatoe, na kuna jamaa anayanunua keshi hapahapa. Mi juzi kati nimeambiwa hivyo na fundi ambaye kwa mambo ya breki na shokapu namwamini kabisa, na bei aliyonitajia ingelipa sevisi yote na chenji ingebaki. Nikamwambia hapana, acha yalivyo. Akaniangalia ka mtu aliyeokota hela akairudisha.

Yale masega ni kipande cha kauri chenye vitundu vidogo vidogo, kimekaa ndani ya lile kopo la chuma kwenye bomba la ekzosi, na kwenye vile vitundu wamepaka platinamu, paladiamu na rodiamu. Ndo maana yananunuliwa. Rodiamu mwaka 2021 ilipanda ikapita dola 20,000 kwa aunsi moja, mwaka ambao dhahabu yenyewe ilikuwa chini ya dola 2,000, kwa hiyo usidhani yule jamaa anayezunguka gereji na mfuko wa salfeti amekuonea huruma. Kwenye gari moja ni gramu chache tu ila akikusanya ya magari mengi anajua anakoyapeleka.

Kazi yake sasa. Petroli kwenye injini haiungui yote vizuri, kwa hiyo moshi unatoka na kaboni monoksaidi, na mabaki ya petroli yenyewe, na oksaidi za naitrojeni. Moshi huo ukipita kwenye masega yakiwa ya moto, kuanzia kama digrii 300 hivi, kaboni monoksaidi inageuka kaboni dayoksaidi, mabaki ya petroli yanamaliziwa kuungua, zile oksaidi zinarudi kuwa naitrojeni ya kawaida ambayo tunaivuta siku zote. Masega mazima yakishapata moto yanaondoa zaidi ya asilimia 90 ya hiyo sumu. Ukiyatoa inatoka yote kama ilivyo, na nyuma yako kuna bodaboda.

Na kinachoniudhi zaidi ni kwamba masega hayazibi bila sababu!! Yakiziba ujue kuna plagi zimechoka, au koili imekufa gari linamisi, au injini inakula oili, au nozeli zinamwaga petroli kuliko inavyotakiwa. Ukitoa masega gari litakuwa jepesi kweli, siwezi kubisha, ila ugonjwa umeubakiza mlemle ndani na bado unakula mafuta. Halafu taa ya injini inawaka kwenye dashibodi sababu ile sensa ya oksijeni ya nyuma, inayopima moshi ukishapita kwenye masega, sio mjinga, fundi anakuja tena na ujanja wa kuidanganya sensa, unalipa tena. Yaani umeuza kitu kizuri ukanunua matatizo.

Kazini nikaambiwa eti masega ni ya Japani na Ulaya, mafuta yetu huku machafu hayaendani nayo. Hiyo ilikuwa kweli zamani, enzi za petroli yenye risasi (ile metali ya ledi), maana risasi inayaua masega kabisa. Ila nchi za kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuiondoa na kufikia mwanzo wa 2006 ikawa imetoka, na nchi za Afrika Mashariki kuanzia 2015 zimeshusha salfa kwenye dizeli mpaka kiwango cha 50 ppm, yaani sehemu 50 kwa kila milioni, ambacho nchi kibao za Afrika zilikuwa hazijafika. Hiyo hoja imeshazeeka, sio mafuta tena, ni sisi.

Sasa nani anavuta. Pita Mandela Road mchana, kuanzia Tazara uje Buguruni mpaka Ubungo, malori ya bandarini yamepanga foleni yananguruma palepale, katikati yake kuna vijana wanauza maji na korosho, kuna trafiki amesimama na gwanda jeupe ambalo jioni sio jeupe tena, pembeni mama ntilie na sufuria zake. Hao wako hapo kutwa nzima. Kaboni monoksaidi inashikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, ndo maana ukikaa sana kwenye foleni kichwa kinaanza kuuma unasema ni jua. Benzini iliyomo kwenye mabaki ya petroli inahusika na saratani ya damu. Na dizeli, ule moshi mweusi wa malori na daladala chakavu, shirika la utafiti wa saratani la WHO (Shirika la Afya Duniani) kule Lyon liliuweka mwaka 2012 kundi la kwanza la vitu ambavyo imethibitika vinaleta saratani, kundi moja na sigara.

Watu wengi wakisikia moshi wanawaza mapafu tu, pumu na kikohozi basi. Kumbe zile chembe ndogo kabisa, PM2.5, zina upana chini ya mikroni 2.5 (mikroni moja ni milimita moja ugawe mara elfu) wakati unywele ni kama mikroni 50 mpaka 70, zinafika mwisho wa mapafu na nyingine zinapenya mpaka kwenye damu, kwa hiyo ni moyo, ni presha, ni stroku. WHO wanakadiria uchafuzi wa hewa ya nje ulisababisha vifo vya mapema milioni 4.2 mwaka 2019. London kuna mtoto wa miaka 9, Ella Adoo-Kissi-Debrah, alikuwa na pumu na aliishi karibu na barabara yenye foleni, akafariki 2013, na Desemba 2020 uchunguzi rasmi ukaandika kabisa kwamba hewa chafu ilichangia kifo chake. Huku kwetu cheti kitaandika nimonia au pumu na msiba unaisha.

Na jamani maziwa!! Sijui nani alianzisha kwamba ukivuta moshi unywe maziwa yanasafisha kifua. Maziwa yanaenda tumboni, mapafu yana njia yake. Kunywa kwa ajili ya afya sawa. Barakoa ya kitambaa nayo inazuia vumbi kubwa kubwa, chembe ndogo na gesi zinapita. Ukiwa ndani ya gari nyuma ya lori bonyeza kile kitufe cha mshale unaozunguka ili AC isivute hewa ya nje, watu wengi hawajui hata ni cha nini.

Kwa anayetafuta gari la mkononi, nenda asubuhi injini ikiwa ya baridi uguse kwa usalama. Ingia uvunguni, tafuta lile kopo la ekzosi, angalia kama lina mshono wa kuchomelea ambao sio wa kiwandani, ligonge taratibu usikie kama ndani ni patupu. Kisha washa gari liache lipate moto, nenda nyuma, ukisikia harufu kali ya petroli mbichi na macho yanawasha hapo pana uwezekano masega yalishauzwa zamani. Mi nikikuta hivyo naomba nipunguziwe bei, na sio hela ya soda, maana kufunga mapya ni hela ndefu na mengi yanayouzwa mtaani bei chee hiyo platinamu wameipitisha kwa mbali tu.