33550336 kwa penseli: wiki ya tatu

Nahakiki kwa mkono kwamba 33550336 ni namba timilifu ya tano. Sheria ni ileile niliyoitumia kwa nne za kwanza, 6, 28, 496 na 8128: hakuna kikokotoo, hakuna simu. Namba timilifu ni ile ambayo vigawo vyake, ukiiacha yenyewe, vikijumlishwa vinairudisha. Nicomachus, Mgiriki aliyeandika yapata mwaka 100, alizijua hizo nne tu: moja kwenye mamoja, moja kwenye makumi, moja kwenye mamia, moja kwenye maelfu. Ukifuata mpangilio huo, ya tano utaitafuta kwenye makumi elfu, na hutaipata. Ina tarakimu nane.

Jumatatu. 33550336 ni 4096 × 8191, na hiyo 8191 lazima iwe namba tasa, la sivyo kazi yote inaharibika. 91 × 91 ni 8281, imeshapita, kwa hiyo nikaigawa kwa namba tasa zote hadi 89. Ziko 24. Umeme ulikatika nikiwa kwenye 61, nikamalizia na kibatari.

Jumanne ndipo nikaikumbuka kanuni ya Fermat, mwanahisabati Mfaransa. 8191 ni 2 kwa kipeo cha 13, toa 1. Basi kigawo chake tasa chochote ni kigawe cha 26 kilichoongezwa 1. Chini ya 90 kuna 27, 53 na 79, na 27 si tasa. Mara mbili tu! 53 inabakiza 29, 79 inabakiza 54. Mafuta ya taa yameteketea bure.

Alhamisi nilijumlisha vigawo vyote 25. Kumi na tatu vya kwanza, 1 hadi 4096, vinatoa 8191, safi kabisa. Kisha 8191 yenyewe, 16382, 32764, kila mara unazidisha kwa mbili hadi 16775168. Jumla ikaja 33550426. Nilirudia mara tatu, ileile.

Shemeji, anayeshika daftari la kikoba chao, alichungulia begani.

“Jumla imezidi kwa ngapi?”

“Tisini.”

“Tisini inagawanyika kwa tisa. Umepindua tarakimu mbili, shemeji. Tafuta.”

Kweli: 2096896 niliihamisha kwenye safu nikaandika 2096986. Nimefuta, imekaa.

Mengine niliyookota njiani: tarakimu zake zikijumlishwa zinatoa 28, nayo ni timilifu. Ni namba ya pembetatu pia, 1 + 2 + 3 hadi 8191. Kinachonifurahisha zaidi ni vipeo vya tatu: chukua namba witiri 1, 3, 5 hadi 127, kila moja kwa kipeo cha tatu, jumlisha, unaipata hiihii. Kwa 8128 unaishia 15.

Ismail ibn Fallus, mwanahisabati wa karne ya 13, tayari alikuwa nayo kwenye orodha yake ya namba timilifu.

Inayofuata ni 8589869056, yaani 65536 × 131071. Safari hii nimeanza na Fermat: za kujaribu ni nne tu, 103, 137, 239 na 307. 103 imebakiza 55.