Yamaha XV750 Virago ya 1981: vipimo vyake na kasoro ya starta

Ukienda kuikagua pikipiki ya Virago ya toleo la kwanza, ikute injini baridi, kisha isikilize starta (mota ya kuwashia injini). Mengine karibu yote hurekebishika kwa fila geji (vibati vya kupimia mianya midogo) na subira.

Injini ina silinda mbili zilizokaa umbo la V kwa pembe ya digrii 75, na hupozwa kwa hewa. Kipenyo cha silinda ni milimita 83, mwendo wa pistoni 69.2, jumla ya ujazo sisi (cc) 748. Pistoni zote mbili zimeshika pini moja ya krenki (mhimili mkuu wa injini), hivyo milipuko haipishani sawa: digrii 285, kisha 435. Mdundo wake wa kuchechemea ni wa kuzaliwa; usifungue kabureta kwa sababu hiyo. Ina gia tano, shafti badala ya cheni, na shokomzoba moja nyuma.

Sasa starta. Gia yake huteleza kwenye mhimili hadi ishikane na meno ya flaiwili (gurudumu zito la krenki), na klipu ya waya huibana ili isogee mbele kabla ya kuzunguka. Klipu ikilegea, gia huzunguka ikiwa haijaingia sawasawa, na meno yanaanza kusagana. Betri dhaifu huzidisha tatizo. Basi chaji betri hadi ifike volti 12.6 ikiwa imetulia, safisha waya wa ethi (wa hasi ya betri) ncha zote mbili, ujaribu tena. Kelele ikibaki, acha kabisa kubonyeza: fungua kifuniko cha kushoto cha injini, badili klipu na gasketi, ukague meno. Klipu ni kitu kidogo, flaiwili ni gharama.

Tapeti (mwanya wa valvu) zisetiwe injini ikiwa baridi kabisa: ya kuingiza milimita 0.10, ya kutolea moshi 0.15. Ukiibana hii ya pili, valvu haifungi vizuri na huungua. Plagi ni NGK BP7ES, pengo milimita 0.7 hadi 0.8. Difu ya nyuma (gia za shafti kwenye gurudumu) hutaka mililita 200 za oili ya gia SAE 80, na ndiyo inayosahaulika zaidi.

Ukiagiza pistoni au ringi, pima kwanza. Baada ya Marekani kupandisha ushuru wa pikipiki zinazozidi sisi 700 mwaka 1983, Yamaha ilitoa kwa soko hilo Virago ya sisi 699 yenye kipenyo cha 80.2. Ringi zake haziingiliani na hizi.