Mtanga anayeuza kibodi Nairobi

Mama bado haamini. Kila nikimpigia simu Tanga, baada ya shikamoo na habari za mvua, ananiuliza: "Hivi hivyo vitufe vyako vinanunuliwa na nani, mwanangu?" Namjibu, na watu wanaoandika kutwa kucha. Anacheka, anasema Nairobi ina watu wa kila aina.

Kazi iliyonileta huku ni ya kuandika programu, na ndiyo inayolipa kodi ya nyumba. Kibodi ni za jioni na Jumapili. Nilijiundia ya kwangu, ya mekanika, ile yenye swichi ndogo chini ya kila kitufe, wenzangu ofisini wakaisikia (hizi husikika kabla hazijaonekana), mmoja akataka kama ile, basi habari ikafika Kilimani, Roysambu na Rongai. Watu wa jiji hili hawazungukizungukii bei. Kwetu mtu angeuliza kwanza habari za nyumbani, akakigusagusa kitu, akaaga, akarudi kesho. Hapa ni: "Boss, hii ni ngapi?" Ukimtajia anaruka: "Ai! Si hiyo ni bei ya laptopu ya mtumba?" Na mara nyingi anayeruka hivyo ndiye anayenunua.

Swichi zenyewe siku hizi wala si ghali. Umbo linalotumika zaidi ni la Cherry MX, swichi za kampuni ya Kijerumani. Hataza yao, yaani haki ya kulitengeneza peke yao, ilipoisha muda, viwanda vya China kama Gateron na Kailh vikajaza soko kwa swichi za umbo lile lile, na bei ikashuka. Kinachouma ni safari ya mzigo. VAT ya Kenya ni asilimia 16, na inakokotolewa juu ya bei ya mzigo pamoja na nauli yake. Ukiagiza kibodi moja peke yake, faida imekwisha kabla hujafungua boksi. Kwa hiyo nakusanya oda za watu kadhaa, M-Pesa inaingia kwanza, ndipo naagiza. Luthuli Avenue naendea solda, brashi na kebo. Ukiulizia swichi kule unaonyeshwa za taa.

Mzigo ukifika ndipo kazi inapoanza. Hata kibodi ndogo, ile inayoitwa ya asilimia 60, isiyo na safu ya F wala namba za pembeni, ina vitufe 61, na kila kimoja kina swichi yake. Naifungua swichi moja moja: kifuniko cha juu, shina, springi, kitako chenye jani dogo la shaba. Grisi unaipaka kwa brashi nyembamba kama ya kuchorea wanja, kwenye mbavu za shina na njia zake, safu nyepesi ambayo jicho haliioni ila kwa mng'ao. Ukizidisha, kitufe kinakuwa kizito na kinachelewa kurudi. Kwa swichi zenye kigongo, zile ambazo kidole hukihisi kitufe kikishuka, ile miguu miwili ya shina inayosugua jani siigusi kabisa, maana grisi pale inaua kigongo, na mteja alikilipia. Halafu kitufe cha nafasi: ule waya mrefu unaokishikilia usipopata grisi ya kutosha, kibodi yote italia kama sufuria lenye kifuniko kilicholegea, hata kama swichi zako ni za bei gani.

Hiyo ni Jumapili nzima, na ndiyo sehemu ambayo hakuna anayetaka kuilipia. Bei ya vipuri mteja anaikubali, kwa kuwa ameshaitafuta mtandaoni. Ukimwambia ufundi, anakutazama. Siku hizi siutenganishi. Nataja bei moja, imekwisha.

Mteja ninayempenda kuliko wote ni mama mmoja mfasiri, anaandika Kiswahili kuanzia asubuhi. Aliniletea kibodi yake ya zamani, vifuniko vya vitufe ni vya plastiki ya ABS, ile inayong'aa ikisuguliwa sana. A ilikuwa imelainika kama kokoto ya pwani, herufi haisomeki. Q na X ziko kama zilivyotoka kiwandani. Nilimwekea vya PBT, plastiki nyingine inayochelewa sana kung'aa, akaniuliza kama naweza kumuuzia A za akiba.

Swichi za bluu, zile za kulia "klik", nauza kwa masharti. Kijana mmoja wa bedsita kule Zimmerman alizitaka kwa nguvu, anafanya kazi za Marekani usiku. Nikamshauri achukue nyekundu, ambazo hazina mlio huo na zinashuka kwa nguvu ya gramu 45 hivi. Akakataa. Aliyekuja kunipigia simu kulalamika ni jirani yake.

Ndugu zangu wa Tanga na Dar mnaoniandikia mkitaka za kwenu: kutuma kwa basi sitaki, sitaki maswali ya mpakani Horohoro juu ya boksi lisilo na mwenyewe. Nikija likizo nitabeba mkononi, chache tu. Anayetaka alipie kabla sijakata tiketi, na asiniambie atanipa nikifika.