Neno Lililosomwa Makaburini

Juzi binti yangu alirudi shuleni akiwa na habari. "Kumbe 'nice' zamani lilikuwa tusi!" Ni kweli. Asili yake ni neno la Kilatini, nescius, yaani asiyejua kitu, likapitia Kifaransa, na Waingereza wa karne ya 14 walipomwita mtu "nice" walimaanisha kwamba ni mpumbavu. "Silly" nalo, ambalo leo ni la kumdharau mtu, lilianza likiwa na maana ya mwenye heri. "Girl" alikuwa mtoto yeyote, wa kike au wa kiume. Akaniuliza kama ninalo jingine. Ninalo, ila sikumwambia. Limenikaa kifuani tangu siku hiyo, nikaona bora niliandike.

Mdogo wetu wa mwisho alichukuliwa na malaria tukiwa bado tunaishi Muheza, Baba akiwa karani wa shamba la mkonge. Ya siku ile sitayasimulia yote. Nitasema tu kwamba kwenye maziko alikuja meneja wa shamba, Mwingereza mtu mzima, na wazee kwa heshima wakampa nafasi asome neno. Akafungua Biblia yake ya Kiingereza, ile tafsiri ya Mfalme James ya mwaka 1611, akasoma taratibu: "Suffer the little children to come unto me, and forbid them not." Hakuna aliyetafsiri. Watu wakaitikia amina, wakaendelea kufukia.

Pale makaburini aliyekijua Kiingereza sawasawa alikuwa Baba peke yake.

Miaka ikapita. Nikaenda kidato cha tano, tukaanza kusoma Shakespeare. Mwalimu wetu wa fasihi alikuwa na desturi ya kutusimamisha kwenye neno tunalodhani tunalijua. "Deer" si swala tu, alisema, zamani alikuwa mnyama yeyote. "Meat" si nyama. Katika Mwanzo Mungu anampa binadamu miche na matunda yawe "meat", maana yake ni chakula tu. "Let", ambalo leo ni kuruhusu, Paulo kwenye Warumi analitumia kwa maana ya kuzuiwa. Halafu akatuonyesha Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya The Merchant of Venice ya Shakespeare, iliyotoka mwaka 1969, akasema hata bepari wetu alianza kama mfanyabiashara wa kawaida kabla siasa hazijamfanya mnyonyaji. Nilivipenda vipindi vile kuliko vyote.

Nikarudi likizo. Usiku wa kwanza, tukiwa tumekula na vyombo havijaondolewa, nikaanza kumwaga niliyojifunza. Mama alikuwa akichambua mchele wa kesho kwenye ungo. Baba alikuwa akisikiliza nusu nusu, nusu nyingine ameielekeza kwenye redio. Nikataja "meat", nikataja "let". Nikasema, "Na 'suffer' zamani ilikuwa kuruhusu, kumwacha mtu afanye jambo."

Baba akazima redio.

"Rudia hilo la mwisho."

Nikarudia. Akanyanyuka, akaingia chumbani, akatoka na Biblia yake ya Kiingereza, ile yenye jalada jeusi lililofungwa na gundi ya karatasi. Akasogeza taa ya chemli. Hakutafuta ukurasa, kitabu kilifunguka chenyewe pale, Marko 10. Chini ya neno "suffer" kulikuwa na mstari wa penseli, na penseli ilikuwa imepita mara nyingi hata karatasi ikaanza kung'aa.

"Una kamusi?"

Nilikuwa nayo begini, kamusi ya shule. Akaishika mwenyewe. Akaweka kidole kwenye maana ya kwanza, maumivu. Akashuka, kupata hasara. Akashuka tena, kuvumilia. Kidole chake kilikuwa na wino wa ofisini kwenye kucha, nacho kilikuwa kikitembea polepole, hakiruki mstari. Mwisho kabisa, pameandikwa kwamba ni matumizi ya kale: kuruhusu.

"Wameiweka mwisho," akasema.

Mama akauliza kuna nini. Ndipo Baba akamweleza, na mimi nikasikia kwa mara ya kwanza, kwamba siku ile makaburini alimsikia mzungu akisoma kwamba watoto wadogo na wateseke ndipo wafike kwa Bwana. Alikuwa ametoka kumwona mwanawe akiteseka usiku kucha. Alikaa na sentensi ile miaka yote, akiifungua na kuifunga, hakumwambia mtu.

Mama hakuhitaji kitabu. Akausoma kwa moyo, ungo ukiwa bado magotini: "Waacheni watoto wadogo waje kwangu, msiwazuie." Alikuwa akiujua mstari huo tangu utoto wake. Walilala chumba kimoja, kila mmoja na mstari wake, kumbe ni ule ule.

Nilitegemea Baba atapumua. Alivua miwani, akanyamaza, kisha akasema, "Msiwazuie. Kwa hiyo mimi nilikuwa namzuia?" Maana ndiye aliyembeba mtoto mgongoni hadi hospitali, ndiye aliyemwita jina lake mpaka alfajiri.

Sikuwa na jibu. Kamusi haikuwa nalo. Mama ndiye aliyesema: "Ulimzuia, baba watoto. Na mimi nilimzuia. Mzazi gani angeacha?" Akarudi kwenye mchele.

Mpaka leo sijui kama usiku ule nilimpa Baba faraja au nilimbadilishia swali. Maana ya kale ndiyo sahihi, hilo halina ubishi. Waliotafsiri mwaka 1611 hawakuandika mateso katika mstari ule. Lakini Baba alilia kwa maana ya wakati wake, na machozi yale hayakuwa na makosa.

Ninachokijua ni kwamba kamusi hakunirudishia. Kila jioni ya likizo ile aliniita mezani akiwa na neno jipya. "Quick", katika kanuni ya imani, lililomaanisha walio hai. "Charity" ya Wakorintho, ambayo ni upendo. Siku moja akafika Wathesalonike, pale wanaposema tulio hai hatuta-"prevent" waliolala. Leo neno hilo ni kuzuia. Tukatafuta pamoja, tukakuta kwamba zamani lilikuwa kutangulia.

"Andika hilo," akaniambia, akanisogezea daftari. "Andika na tarehe."