Lenzi ndiyo ikae katikati ya karatasi, si simu

Programu zinazosoma maandishi kwa kamera, kama Seeing AI na Lookout, husoma barua iliyochapwa vizuri sana. Zikivuruga, mara nyingi kosa limeanzia mkononi, kabla picha haijapigwa.

Kosa linalowasumbua wengi wasioona ni kuilaza simu katikati ya karatasi kisha kuiinua. Lenzi ya simu nyingi iko juu, pembeni. Simu ikikaa katikati, lenzi huwa imesogea sentimita kadhaa kuelekea kichwa cha barua, na mistari ya chini inakatika. Kwenye barua ya madai, huko chini ndiko iliko jumla ya fedha na siku ya mwisho ya kulipa!

Tandika karatasi mezani. Kama ni nyeupe, iwe juu ya kitu cheusi ili programu itambue kingo. Pima katikati kwa viganja, laza simu mpaka lenzi yenyewe iwe hapo, egemeza viwiko mezani, kisha inua simu taratibu bila kuiinamisha. Kwa A4, yenye urefu wa sentimita 29.7, simama kwenye sentimita 30 hadi 35. Ukishuka zaidi kingo zinapotea. Ukipanda sana herufi ndogo zinafifia.

Futa lenzi kwanza. Anayeitafuta kwa kupapasa huiachia mafuta ya kidole kila mara. Washa taa pia, hata kama wewe huihitaji. Flashi kwenye karatasi inayong'aa hufuta maneno, kwa hiyo mwanga utoke ubavuni.

Usomaji ukisikika kama lugha isiyojulikana, usikimbilie kupiga picha upya. Huenda maandishi yamenaswa sawasawa, ila sauti ya Kiingereza ndiyo inayosoma Kiswahili. Kwenye Android, injini ya sauti ya Google ina Kiswahili. Badilisha lugha, usikilize tena.

Tarakimu zinataka uangalifu wa pekee. Nukta ndogo ikipotea, 2.5 inakuwa 25. Sifuri hugeuka O, moja hugeuka l. Zipitie herufi moja moja: kwenye TalkBack, kisoma skrini cha Android, telezesha vidole vitatu juu au chini hadi usikie herufi, kisha telezesha kidole kimoja chini. Kwenye VoiceOver, kisoma skrini cha iPhone, zungusha vidole viwili kama unayefungua kifuniko, uchague herufi, kisha kidole kimoja chini. Piga picha mara mbili, ulinganishe.

Kipimo cha dawa kisitegemee programu peke yake, hata picha zote mbili zikikubaliana. Muulize mfamasia, au mtu unayemwamini asome chupa kwa macho. Be My Eyes, iliyoanza mwaka 2015, hukuunganisha kwa video na mtu wa kujitolea, naye anaweza kukusomea lebo. Kumbuka tu kwamba ni mgeni: ondoa mezani kadi ya benki na chochote chenye namba ya siri kabla hujawasha kamera.