Kutoka usaidizi hadi leseni ya fiziotherapia

Leo nimewawaza sana wasaidizi wa fiziotherapia walioko Marekani, wakiwamo ndugu zetu wa Afrika Mashariki, wanaotaka kuwa wafiziotherapia kamili. Wengi hudhani uzoefu wa kliniki utawafupishia masomo. Kwa kawaida haufupishi. Usaidizi husomewa miaka miwili; mfiziotherapia huhitaji shahada ya udaktari, DPT, ambayo mara nyingi ni miaka mitatu juu ya shahada ya kwanza.

Wengi hukwamia kwenye sayansi. Vyuo vingi hudai fizikia mihula miwili, kemia mihula miwili, anatomia na fiziolojia, zote na maabara, kisha takwimu na saikolojia. Anatomia ya kozi ya usaidizi huweza kukataliwa kwa sababu iliandaliwa kwa fani hiyo tu. Vyuo vingine havipokei masomo ya zamani mno. Kwa hiyo, kabla ya kulipa ada popote, tuma silabasi chuoni na uombe jibu la maandishi kwa kila somo. Mimi ningeanza na fizikia. Ndiyo inayoahirishwa hadi dirisha la maombi linakaribia kufungwa.

Njia ya mkato halisi ni adimu. Chuo Kikuu cha Findlay, Ohio, kina programu ya DPT kwa wasaidizi inayofundishwa wikendi, ila hata huko sayansi hudaiwa.

Lakini jambo linalonigusa zaidi ni badiliko la fikra. Chukua mgonjwa aliyebadilishiwa goti. Msaidizi anaweka goniometa, kifaa cha kupimia pembe ya kiungo, anasoma nyuzi 70 za kukunja, anaandika, anaendelea na mazoezi yaliyopangwa. Mfiziotherapia lazima ajiulize kwa nini ni 70: ni maumivu, uvimbe, kovu, au woga? Kila jibu lina tiba yake. Na kama shavu la mguu limevimba, lina joto na linauma likiguswa, mazoezi yanasimama; huenda damu imeganda kwenye mshipa, na daktari anapigiwa simu hapo hapo. Msaidizi mzuri huiona dalili na kuripoti. Mfiziotherapia ndiye anayefanya tathmini ya kwanza, anayebadilisha mpango na kubeba dhamana. Anayetaka kupanda aanze sasa kumuuliza msimamizi wake sababu ya kila zoezi.

Mtihani wa taifa, NPTE, ni lazima ufanywe upya, kwani ule wa usaidizi hauhesabiwi. Alama ya kufaulu ni 600 kwenye kipimo cha 200 hadi 800, na mtu haruhusiwi kuufanya zaidi ya mara tatu ndani ya miezi 12. Leseni yenyewe hutolewa na jimbo, na baadhi ya majimbo huongeza mtihani wa sheria zake. Leseni ya usaidizi isiachwe iishe muda masomoni: makaratasi ya jimbo yakichelewa, mtu bado ana kazi.